Mahali Betri Zinapolala

Zahanati ya Nyanungu,
Tarime.
30 Machi 1983

Shemeji Mseti,

Salamu kutoka nyumbani. Dada yako Gati hajambo, watoto hawajambo, mvua imeanza na tumepanda. Baba yangu anakusalimu. Hayo ndiyo mema.

Mashine uliyotufungia imeungua tena. Hii ni mara ya tatu. Inaanza vizuri, inachukua umeme wa betri na kuugeuza, friji ya chanjo inanguruma, Sista Agustina anafurahi. Halafu friji ikipumzika na kutaka kuwaka yenyewe tena, ndani ya mashine kunalia kishindo kimoja, fyuzi inakatika, na zile thairista mbili, vipuri vya kupokezana umeme ulivyoniambia nivitunze kama mboni ya jicho, zinakuwa zimekufa. Chanjo za surua zilizokuja mwezi uliopita tulizimwaga shimoni. Ulikuwapo kwenye mazishi ya mwanangu Mogesi, kwa hiyo sina haja ya kukuandikia surua ni nini.

Kuna jambo lingine. Katibu wa kijiji tuliyeletewa mwaka jana, Bwana Stanslaus, ananitazama kwa jicho baya. Anasema kipuri hakiungui mara tatu. Anasema vipya nauza mpakani Sirari, kisha nawaonyesha watu vilivyokufa zamani. Unajua hali ilivyo sasa, kila mtu anatafuta mhujumu uchumi wa kumtaja kabla hajatajwa yeye. Naomba unitumie thairista nyingine mbili, na pamoja nazo karatasi yenye muhuri wa shirika lenu inayosema kwamba vitu hivi huungua. Bila karatasi hiyo sitakuwa na la kusema siku nikiulizwa.

Ni mimi shemeji yako,
Kisyeri Machage, fundi.


Dar es Salaam,
14 Aprili 1983

Shemeji Kisyeri,

Barua yako nimeipata. Mke wangu Robi anawasalimu wote.

Thairista hazipo stoo, zinaagizwa ng'ambo na fedha za kigeni ni za kuomba kwa magoti. Karatasi yenye muhuri siwezi kukupa kabla ya kujua kinachoziua. Nikuambie wazi: pacha wa mashine hiyo niliifunga kwenye zahanati moja huko Mugumu wiki ileile niliyofunga yenu, na haijaungua hata siku moja. Mkubwa wangu ameniuliza kwa nini Mugumu haiungui na Nyanungu inaungua.

Chuoni wameniruhusu kutumia kompyuta yao siku za Jumapili. Nikueleze tunavyofanya, usije ukadhani ni uganga. Sipeleki mashine yenyewe, napeleka maelezo yake. Kila kipuri nakitobolea kadi: hiki ni kapasita, ukubwa wake ni huu, kimefungwa kati ya nukta hii na ile. Kompyuta inasoma kadi zote, kisha inakokotoa umeme ungepitaje humo ndani, kipande kidogo cha sekunde baada ya kingine, na inachora mstari wa vinyota kwenye karatasi ndefu. Kama mashine ni ya kuungua, itaungua kwenye karatasi, na hakuna thairista itakayopotea.

Lakini kompyuta inajua yale tu iliyoambiwa. Kwa hiyo nijibu bila kuficha. Betri ziko wapi? Waya kutoka betri hadi mashine ni mrefu kiasi gani, na ni mnene kiasi gani? Mbali na friji, kuna kitu kingine mmeunganisha?

Shemeji yako,
Mseti.


Nyanungu,
28 Aprili 1983

Shemeji Mseti,

Maswali yako yamefika, ila hayakufika kwangu kwanza. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa uji, bado una unyevu. Barua zote za kijiji zinapitia mezani kwa katibu.

Nitasema ukweli, swali la betri limenishangaza. Ulizipanga mwenyewe, ndani ya sanduku la mbao, kwenye chumba cha akiba cha zahanati, na ufunguo ukanikabidhi mimi. Wewe ni mtu wa huku. Unajua kwamba mtu akiuliza ng'ombe wako wanalala upande gani hajibiwi, anaulizwa yeye anataka nini. Nami nakuuliza, unataka nini? Ni wewe unayeuliza, au ni mkubwa wako anayeniwinda kupitia mkono wako?

Jibu langu, kwako na kwa yeyote anayeisoma hii kabla yako, ni hili: kila kitu kiko kama ulivyochora. Hakuna kingine kilichounganishwa, hata redio ya Sista.

Kisyeri Machage.


Dar es Salaam,
16 Mei 1983

Dada Gati, shikamoo.

Barua hii nimeitia kwenye boksi la dawa la Sista Agustina ili isipite kwa katibu, na zitakazofuata zitapita humo; nawe majibu mpe yeye. Isome ukiwa peke yako.

Nimeiendesha mashine yenu kwenye kompyuta Jumapili nne. Friji imewaka, imepumzika, imewaka tena, na mistari imerudi mahali pake kila mara. Nikaanza kuitesa. Nikazifanya betri ziwe chovu, nikaifanya friji iwe nzito kuliko ilivyo. Haiungui. Karatasi nimezipanga sakafuni hapa nyumbani, Robi anaziruka akipeleka chai, na kila moja inasema vilevile: kama kila kitu kiko kama nilivyochora, thairista zile haziwezi kufa.

Shemeji ameniandikia kwamba kila kitu kiko hivyo. Basi zimekufaje? Nimekaa na swali hili mpaka limenichosha. Mkubwa wangu hajakaa nalo sana, yeye ana jibu tayari. Anataka ripoti yangu kabla ya mwezi Juni kwisha, na ripoti hiyo itakwenda mkoani.

Dada, wewe unalala nyumba moja naye. Anakwenda Sirari? Ana kitu kipya, baiskeli, redio, viatu? Kuna vitu amevificha? Sitaki kumwonea. Lakini kompyuta haina shemeji, nami nikificha inachosema, nitahesabiwa kwamba tunakula pamoja.

Mdogo wako,
Mseti.


Nyanungu,
3 Juni 1983

Mdogo wangu Mseti,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa tamu kuliko yaliyofuata.

Unauliza kama Kisyeri anakwenda Sirari. Anakwenda. Na mimi nakwenda. Unafikiri sabuni ninayofulia nepi inatoka duka la kijiji? Duka la kijiji lina viberiti na picha ukutani. Kitu kipya hana. Viatu vyake ni vile alivyovaa kwenye harusi yako, unavijua, vinacheka mbele.

Hapo ningeishia, kama ningekuwa na akili. Nilijiapia sitapekua, kisha nikapekua. Alikuwa amekwenda kusaidia kutengeneza mashine ya kusaga. Kwenye sanduku lake la bati, chini ya shati la kanisani, kuna kitambaa kimefungwa mafundo. Ndani kuna vitu vya chuma vinene kama bolti, kila kimoja na mkia wa waya wa kusuka. Vinang'aa. Sikuvihesabu, nilivifunga tena haraka. Aliporudi nilimwuliza kwa mbali, kama anahifadhi vipuri nyumbani. Akaniambia mambo ya zahanati yabaki zahanati.

Tangu siku hiyo namtazama akinawa mikono na najiuliza mikono hiyo imefanya nini. Umenitia mdudu kichwani, Mseti. Mimi sisemi ameiba. Nakuambia nilichokiona kwa sababu wewe ni damu yangu na umesoma, utajua maana yake. Usikitumie vibaya.

Dada yako,
Gati.


Dar es Salaam,
27 Juni 1983

Dada Gati,

Vitu ulivyoviona ndivyo thairista zenyewe. Na umesema vinang'aa. Nimelisoma neno hilo mara nyingi, nikitafuta namna ya kulisoma vingine.

Ripoti nimeitoa. Sikuandika habari ya sanduku la bati, wala sikukutaja. Niliandika tu kile ambacho kompyuta imesema: kwa mashine ilivyochorwa na kwa hali aliyoieleza fundi mwenyewe, vipuri hivyo haviwezi kuungua. Sijamwita mtu mwizi. Wanaopokea ripoti watauliza wenyewe, na shemeji atapata nafasi ya kujieleza.

Najua utanikasirikia. Ningekuwa wewe ningekasirika pia.

Mseti.


Nyanungu,
19 Julai 1983

Mseti,

Kisyeri yuko mahabusu mjini.

Walikuja na Land Rover, watu wa mkoani na katibu mbele yao, amevaa koti. Walikwenda moja kwa moja zahanati, wakataka ufunguo wa sanduku la betri. Kisyeri akautoa. Sanduku lilikuwa tupu. Wakamwuliza betri ziko wapi, akasema ziko salama. Wakamwuliza salama wapi, akanyamaza. Wakasema vipuri ameuza na betri ameuza. Sista Agustina alipiga magoti mbele yao, na yule mama huwa hapigi magoti ila kanisani. Wakampandisha gari. Alinipita bila kunitazama, na nilijua kwamba anajua nilipekua.

Nilikwenda kumwona na chakula. Ameniambia vile vitu kwenye kitambaa ni vile vilivyokufa, vyote, tangu cha kwanza. Alikuwa anavitunza ili siku ukija uvipime kwa mkono wako, maana alijua barua peke yake hutaiamini. Kufa kwa thairista hakuonekani kwa nje, amesema, na amesema wewe unalijua hilo. Unalijua?

Na betri hazijauzwa, bwana msomi. Zinalala zizini kwa baba mkwe, kwenye kibanda cha ndama, tangu mwezi uleule ulipoondoka. Watu walivunja dirisha la zahanati usiku, wakakimbizwa na mbwa kabla hawajafika kwenye sanduku. Asubuhi Kisyeri na baba yake wakazihamisha. Waya wakaufukia chini ya ua wa minyaa, kutoka chumba cha akiba mpaka zizini, na sanduku wakaliacha limefungwa kama lilivyo ili mwenye nia mbaya avunje sanduku tupu. Kijiji kizima kinajua, ila katibu, na hakuna atakayemwambia. Wewe ulitaka zilale wapi? Mali ilale peke yake chumbani, haina mbwa, haina vijana, haina hata mzee wa kukohoa?

Mtu aliyemzika Mogesi hauzi friji ya chanjo. Hilo halihitaji kompyuta. Mimi nililala naye nyumba moja na nikalitilia shaka, kwa hiyo sikulaumu peke yako. Lakini wewe nakulaumu.

Barua hii Sista ataipeleka kuipostia Musoma.

Gati.


Dar es Salaam,
7 Agosti 1983

Dada Gati, shikamoo.

Ndiyo, nalijua. Thairista iliyokufa inang'aa kama mpya. Nimelijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Uliponiandikia kwamba vinang'aa nililisahau kwa sababu nilikwisha kuamua. Nimeona aibu ambayo siwezi kuiandika vizuri.

Sasa sikiliza, maana katikati ya hasira zako umeniambia jambo ambalo hukujua ni kubwa. Umeniambia habari ya waya.

Ndani ya mashine kuna thairista mbili zinazopokezana umeme. Zifikirie kama milango miwili ya zizi, mmoja hauruhusiwi kufunguka kabla ya mwenzake kufungwa. Kinachoufunga mlango ni msukumo mfupi sana wa umeme. Betri zikiwa jirani na mashine, kama nilivyochora, msukumo unakuwa na nguvu. Betri zikiwa mwisho wa waya mrefu, umeme unafika umepungua na umechelewa. Friji inapotaka kuwaka inavuta kwa nguvu kupita wakati wowote, mlango wa kwanza unakuwa haujafungwa na wa pili umeshafunguka, na nguvu yote ya betri inapita humo kwa pamoja. Hicho ndicho kishindo alichokisikia Kisyeri. Mugumu betri ziko ndani ya sanduku, na ndiyo maana Mugumu ni salama.

Sikungoja jibu lako. Jumapili niliongeza kadi mbili tu, maana kwa kompyuta waya mrefu ni mambo mawili, ugumu unaopunguza umeme na uzito unaouchelewesha. Nilianza na waya mfupi, nikaurefusha kidogo kidogo. Mistari ilianza kuyumba. Nikakadiria urefu wa kutoka zahanati hadi zizini, kwa kukumbuka tu. Friji ilipowaka, mstari ulipanda na haukurudi, vinyota vikatoka nje ya karatasi. Mashine iliungua mbele yangu, Dada, namna ileile Kisyeri aliyoniandikia mwezi Machi.

Hakuniongopea juu ya kuungua. Aliniongopea juu ya mahali tu, na mimi nilimwuliza mahali kwa barua inayofunguliwa njiani.

Pima waya huo uniandikie urefu wake kamili. Na mwulize Kisyeri ruhusa: nataka kuandika ripoti mpya ieleze kila kitu, zizi na waya.

Mseti.


Nyanungu,
26 Agosti 1983

Mdogo wangu Mseti,

Waya tumeupima kwa kamba, mimi na Sista. Ni mita sabini, pengine na nusu.

Ruhusa hakukupa. Nilimweleza yote ya milango miwili, alisikiliza vizuri, hata aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata kitu alichokitafuta siku nyingi. Kisha akasema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyasema:

"Mwambie asiandike zizi. Betri ni mali ya umma. Wakizikuta kwa mzee, watasema mzee amejimilikisha, watamleta alale hapa kwenye saruji na kifua chake kile. Mimi nitakaa. Mzee hapana."

Nikamwambia akikaa kimya atafungwa. Akasema anajua.

Amekonda. Ndevu zimeota mvi upande mmoja. Katibu Stanslaus anauliza kila nyumba betri ziko wapi, na kila nyumba inamkaribisha uji. Baba mkwe anakaa mlangoni mwa kibanda cha ndama mchana kutwa, na watu wanadhani ni huzuni ya mtoto wake. Ni huzuni, lakini pia analinda.

Ng'ombe wa mahari yangu walitoka kwenye zizi hilo, Mseti. Wewe na baba mlikwenda kuwachagua, ulikuwa kijana, uligombania yule mwekundu mwenye baka. Ng'ombe haohao ndio waliokwenda kwa kina Robi. Mkeo anayeruka makaratasi yako alitoka zizini kwa Machage. Ulipochora mchoro wako ulichora zahanati na sanduku na waya. Zizi hukulichora, na lipo hapohapo nyuma.

Sina ushauri. Mimi nimebaki na watoto na mtama.

Dada yako,
Gati.


Dar es Salaam,
22 Septemba 1983

Dada Gati, shikamoo.

Isome hii mara mbili, umweleze Kisyeri, kisha itie motoni.

Zizi nimeliandika. Najua alikataa. Nimeliandika kwa namna ambayo mzee hataguswa, lakini lazima nyote mseme kama nilivyosema mimi. Ripoti yangu mpya inasema hivi: nilipokuja kuifunga mashine, mimi mhandisi nilimwagiza fundi kwa mdomo azitoe betri chumbani, kwa sababu mvuke wa tindikali si mzuri karibu na dawa na wagonjwa, aziweke mahali penye hewa na ulinzi. Inasema zizi la Mzee Machage nililichagua mimi, na mzee alikubali kwa kujitolea. Inasema baada ya hapo sikuubadilisha mchoro wangu, wala sikuuingiza waya huo kwenye hesabu, na kwamba thairista zote ziliungua kwa kosa langu la usanifu. Nimeambatisha karatasi za kompyuta, ile ya waya mfupi na ile ya mita sabini. Habari ya mvuke ni kweli kabisa, mhandisi yeyote atakubali. Habari ya agizo ni uongo, na sasa ni uongo wetu sote.

Kisyeri akiulizwa kwa nini alinyamaza, aseme alikatazwa na mhandisi kutaja mahali zilipo. Aseme hivyo na asiongeze.

Mkubwa wangu aliisoma mbele yangu. Alipomaliza aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akasema basi ile safari yangu ya masomo ya ng'ambo atapewa mwenzangu, kwa kuwa shirika haliwezi kumpeleka mtu anayesahau waya wa mita sabini. Robi alilia usiku ule. Nilipomweleza ni zizi gani, aliacha, na asubuhi akanipigia pasi shati.

Nimempa Sista boksi lenye thairista mbili, za mwisho nilizoweza kuzipata, na kapasita kubwa nne. Kisyeri akitoka, azifunge kapasita hizo palepale kwenye mashine. Zitakuwa akiba ya umeme ya karibu, ili mlango upate msukumo wake hata betri zikilala mbali. Nimeijaribu kwenye kompyuta kwa waya wa mita sabini, friji ikiwaka na kupumzika, mara nyingi kuliko nilivyoitesa mara ya kwanza. Mstari unarudi.

Kama hatanisamehe, sitashangaa. Mwambie tu kwamba safari hii zizi nimelichora.

Mdogo wako,
Mseti.


Nyanungu,
29 Novemba 1983

Mdogo wangu Mseti,

Kisyeri yuko nyumbani. Walimwachia wiki ya pili ya Novemba, bila maneno mengi. Mmoja wao alimwambia ana bahati ya kuwa na mhandisi msahaulifu. Alitembea kutoka barabara kuu mpaka hapa kwa miguu, akaoga, akala, akalala mpaka kesho yake jioni.

Kabla ya kumwachia walikuja kulikagua zizi. Waliingia na viatu vyao mpaka kibanda cha ndama, wakazikuta betri, wakaandika namba zake. Wakaandika na jina la mzee, na njia ya kufika, na ua wa minyaa, yote kwenye karatasi zao, katibu akisoma kwa sauti ili wasikosee. Baba mkwe alisimama pembeni, amenyooka, akajibu kila swali kama ulivyotaka. Walipoondoka alitema mate chini. Alisema amewazuia wezi miaka yote na hajawahi kuandikiwa mahali mali yake inapolala.

Mashine inafanya kazi. Kapasita zako Kisyeri alizifunga siku aliyoamka, hakutaka nimsaidie kushika hata taa. Friji imewaka na kupumzika na kuwaka, na hakuna kishindo. Chanjo zilikuja Jumanne. Akina mama walipanga mstari mpaka nje, na mimi nilikuwa nao, na mdogo wake marehemu Mogesi mgongoni. Alipochomwa alipiga kelele, nikalia mimi kuliko yeye. Sista akadhani nimeumwa na nyuki.

Sasa habari yenu ninyi wawili. Hakukutaja kwa siku nyingi. Nami alinitaja kwa shida. Tulikuwa tunakaa jioni, nikimwuliza kitu ananijibu kwa kifupi, kama karani. Niliomba msamaha kwa habari ya sanduku la bati. Alisema ningemwuliza uso kwa uso angenijibu. Nikamwambia nilimwuliza, akanijibu mambo ya zahanati yabaki zahanati. Alifikiri, akakubali kwamba ni kweli. Tukacheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza.

Jumapili baada ya ibada alikuwa ameuchukua mchoro wako mpya, ule ulioambatishwa kwenye boksi, wenye mashine na waya na duara uliloliandikia "zizi". Kisha akaukunja, akautia kwenye moto wa chai. Nikamwuliza mbona anachoma kitu cha shemeji yake, na amekaa mahabusu miezi kwa sababu ya michoro. Akasema hana hasira nawe tena, ila hiyo nakala moja imepungua duniani, na zilizobaki kwenye mafaili ya watu zinamtosha kumnyima usingizi.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka nikamkuta yeye na baba yake wana udongo mpaka magotini. Kibanda cha ndama kilikuwa kina ndama tu. Friji ilikuwa inanguruma.

Nilimwambia nakuandikia wewe, kama ana neno. Alikuwa ananawa mikono. Akasema:

"Mwambie shemeji kila kitu kiko kama alivyochora. Ila kwenye kompyuta yake aongeze waya mita arobaini, aniambie kama kapasita zitatosha. Hizo arobaini nimezipima mwenyewe, ni za kweli."

Sikumwuliza zinalala wapi. Na wewe usiulize.

Dada yako,
Gati.